Vipande vya kitenge, pumba za mpunga

Fundi anapokata gauni la kitenge, mkasi hufuata mstari wa chaki kuanzia begani, ukazunguka kwapa, ukashuka kiunoni na kupanuka kuelekea kwenye pindo. Kinachobaki nje ya mstari huanguka chini: vipande vya pembe tatu, mikanda myembamba, vipande vilivyopinda vilivyotoka shingoni. Katika viwanda vya mavazi duniani hutajwa mara nyingi kwamba asilimia 15 hivi ya kitambaa hupotea wakati wa kukata. Kwa kitenge cha yadi 6, hiyo ni karibu yadi nzima. Mteja ameilipia, fundi ameikata, na jioni inafagiliwa pamoja na nyuzi na vumbi la chaki.

Chimala ina mafundi wa namna hiyo, kama ilivyo miji yote iliyoota kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Mji huo wa Wilaya ya Mbarali, takriban kilomita 80 mashariki ya jiji la Mbeya, umekaa mahali pa kipekee. Mbele yake ni bonde la Usangu, tambarare na lenye joto, linalolima mpunga ambao wasafiri wa mabasi huubeba kwa magunia na madebe kama mchele wa Mbeya. Nyuma yake mlima umesimama wima. Barabara ya Matamba huupanda kwa kona nyingi hadi ikaitwa Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona hizo. Juu ni Makete na uwanda wa Kitulo, wenye hifadhi ya maua iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ambako Juni na Julai baridi huuma hadi kwenye mifupa. Mtu anaweza kutoka jasho stendi ya Chimala na jioni ileile akatafuta blanketi la pili.

Kwa hiyo mji huu una vitu viwili vinavyotupwa kila siku. Cha kwanza ni vipande vya vitambaa. Cha pili ni pumba zinazotoka kwenye mashine za kukoboa mpunga. Una pia mafundi, una jirani anayehisi baridi, na una barabara inayopitisha wanunuzi kutwa na usiku. Kinachohitajika kuviunganisha ni sindano, uzi, na uamuzi wa kuacha kukiona kiraka kama alama ya dhiki.

Uamuzi huo ndio mgumu. Waliosoma shule za msingi miaka ya 1980, nguo zilipokuwa adimu madukani, wanazikumbuka kaptura zenye viraka viwili makalioni na namna wenzao walivyowacheka. Kiraka kilikuwa tangazo la hali ya nyumbani. Mzazi wa kizazi hicho hawezi kwa urahisi kumpelekea bibi harusi zawadi iliyounganishwa kwa vipande, hata iwe nzuri namna gani. Anaona afadhali blanketi la dukani lenye picha ya chui, likiwa bado kwenye mfuko wake wa plastiki wenye zipu.

Hata hivyo nguo inayoheshimiwa kuliko zote katika nyumba za Waswahili ilianza kwa kuunganisha vipande. Historia ya khanga inayosimuliwa Mombasa na Zanzibar ni kwamba katika karne ya 19 wanawake walinunua leso za mraba zilizokuwa zikiuzwa zikiwa bado hazijakatwa, wakachukua leso sita kwa pamoja, wakazikata vipande viwili vya leso tatu tatu, kisha wakavishona ubavu kwa ubavu kupata nguo moja pana ya kujifunga. Mchanganyiko huo wa rangi na miraba ulipendwa kiasi kwamba wafanyabiashara wakaanza kuagiza nguo zilizochapwa zikiwa nzima. Miongoni mwa waliojenga jina katika biashara hiyo ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza mwaka 1887 na ambaye alama yake, Mali ya Abdulla, bado inasomeka kwenye khanga hadi leo. Wazo la awali lilikuwa la wanawake wenye mikasi. Wafanyabiashara walifuata baadaye.

Ng'ambo ya Bahari ya Hindi kuna ushahidi mwingine. Katika misitu ya jimbo la Karnataka nchini India wanaishi Wasiddi, jamii yenye asili ya Afrika. Wengi wa mababu zao walipelekwa Goa wakiwa watumwa, hasa na Wareno, na baadhi yao walitoroka na kuingia msituni. Wanawake wa Kisiddi hushona mablanketi ya viraka yaitwayo kawandi, na namna wanavyoyashona inafaa kutazamwa kwa makini na fundi yeyote wa Usangu, kwa sababu haihitaji meza wala cherehani. Mshonaji hutandika sari kuukuu chini, kisha huanza pembeni. Huchukua kiraka, hukunja kingo zake kwa vidole, hukipiga bandi kwa uzi mnene, halafu huweka kingine kando yake. Anazunguka kingo zote nne, mstari wa pili ndani ya wa kwanza, wa tatu ndani ya wa pili, mpaka afike katikati. Kazi ya kuunganisha vipande na kazi ya kushikamanisha tabaka za chini na juu hufanyika kwa mshono uleule mmoja.

Kwenye kila pembe ya kawandi huongezwa kitambaa kilichokunjwakunjwa mithili ya ua. Wenyewe husema blanketi lisilo na maua hayo liko uchi. Na baadhi ya wazee, wanapofika kwenye kiraka cha mwisho katikati, hutia chini yake punje chache za mchele kabla ya kukifunga, ili tumbo la blanketi lisibaki na njaa. Mji unaoishi kwa mpunga ungeielewa desturi hiyo bila kuelezwa.

Mfano wa karibu zaidi uko Iringa. Mwaka 2003 Susie Hart, msanii kutoka Uingereza, alianzisha kituo cha Neema Crafts chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana. Alianza na vijana watatu viziwi waliokuwa wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Kutoka hapo kituo kikakua hadi kuajiri watu wengi wenye ulemavu katika karakana za ufumaji, uchapaji wa vitambaa, shanga na ushonaji, pamoja na mkahawa ambao wahudumu wake ni viziwi na mteja huandika anachotaka kwenye karatasi. Mifuko, mito na bidhaa za viraka zinazotoka humo hununuliwa na watalii waendao Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, lakini pia na Watanzania wanaotafuta zawadi isiyopatikana kwingine. Watu ambao familia zao ziliwaona kama mzigo wamekuwa wakilipa ada za wadogo zao kwa mshahara wa sindano.

Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT ilianzisha Kituo cha Mabinti mwaka 2007 kwa ajili ya wanawake waliotibiwa fistula. Wanajifunza kushona, kuchapa vitambaa, kufuma na kutunga shanga, kisha wanarudi makwao na ujuzi huo. Zanzibar, katika Mji Mkongwe, kikundi cha Sasik kimejipatia jina kwa foronya za mito zilizoshonwa kwa mkono kwa kubandika kitambaa juu ya kitambaa, nyingi zikiwa na michoro ya Kiswahili na Kiarabu. Katika sehemu zote tatu kitambaa chenyewe ni cha kawaida. Thamani imetoka kwenye usahihi wa mkono.

Usahihi huo unaanzia kwenye robo inchi. Mafundi wengi wa mitaani huacha nusu inchi au zaidi kwenye mshono wa gauni, na wana haki, kwa sababu mwenye gauni anaweza kunenepa na nguo ikahitaji kufumuliwa. Kwenye kazi ya viraka, robo inchi hutosha, lakini sharti iwe robo inchi ileile kila mara. Blanketi dogo la mtoto ni somo zuri. Linahitaji miraba 36, kila mmoja ukiwa umekatwa inchi 6 na nusu kwa inchi 6 na nusu. Ikishonwa sita kwa sita, kila mraba hubaki na inchi 6 kamili, na blanketi zima huwa na inchi 36 kila upande, yaani yadi moja. Mshono ukizidi kidogo tu, robo ikawa karibu nusu, kila mraba unapungua na safu moja haitakutana na nyingine. Pembe zitapishana, na jicho litaliona kosa hilo kabla ya kuona rangi.

Dawa yake ni kigezo. Kipande cha boksi gumu kinakatwa kwa kipimo, kinalazwa juu ya kitambaa, chaki inapita pembeni. Wanaoshona pamoja huhitaji kigezo kimoja, wala si kila mtu na rula yake.

Kabla ya kukata, vipande vyote vifuliwe. Wanaoanza huiruka hatua hii, na ndiyo inayoharibu zawadi nyingi. Vitenge vya bei nafuu vingi huchuja rangi, hasa vyekundu na vya bluu iliyokolea, na kitambaa cha pamba husinyaa kinapofuliwa mara ya kwanza ilhali cha nailoni na poliesta hakisinyai. Vikishonwa pamoja bila kufuliwa, blanketi litapendeza siku ya kwanza na kujikunja siku ya pili. Kipande kinachozidi kutoa rangi hata baada ya kufuliwa mara tatu kiwekwe kando. Kitafaa kujazia mto.

Namna ya kutambua pamba ni rahisi. Uzi mmoja uchomolewe na kuchomwa kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua haraka, hunuka kama karatasi inayoungua na huacha majivu laini. Poliesta hunywea, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Jaribio hili si la kujifurahisha. Kishikio cha sufuria kilichoshonwa kwa poliesta kinaweza kuyeyukia kwenye vidole vya mpishi. Khanga nyingi ni za pamba, na khanga iliyochakaa, ikikunjwa mara tatu nne na kupigwa bandi kwa mistari ya karibu karibu, hutoa kishikio bora kuliko vingi vinavyouzwa madukani.

Baada ya miraba kuunganishwa, hufuata tabaka. Chini huwekwa kitambaa kizima, mara nyingi khanga. Katikati huwekwa kitu cha joto: blanketi jembamba lililochakaa, fulana nzito ya mitumba iliyofumuliwa, au shuka lililotoboka lakini lenye sehemu nzima. Juu hulazwa viraka. Ili tabaka zisihame, zinaweza kushonwa kwa bandi kote, au kufungwa kwa vifundo: sindano yenye uzi mnene inazamishwa na kurudi juu, uzi unafungwa mara mbili na kukatwa, kila baada ya inchi 4. Njia ya vifundo inafaa sana kwa vikundi vya akina mama. Watu wanne wanaweza kulizunguka blanketi moja, kila mmoja upande wake, mazungumzo yakiendelea, na mtoto wa miaka kumi akapewa kazi ya kutia uzi kwenye sindano za bibi zake.

Blanketi la yadi moja lina kazi nyingi kwa mzazi. Chimala kuna hospitali kubwa ya misheni ya Makanisa ya Kristo, na kama ilivyo nchini kote, mjamzito huenda kujifungua akiwa na khanga na vitenge kwenye kapu lake. Mtoto hupokelewa kwa kitambaa dakika ya kwanza ya maisha yake. Blanketi la viraka linaweza kuwa la kumfunika mgongoni akiwa kwenye mbeleko njia ya kupanda Matamba, au la kutandika chini anapoanza kujigeuza. Neno moja la tahadhari ni muhimu hapa. Madaktari wa watoto hushauri kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilazwe na blanketi zito wala mito laini karibu na uso, kwa sababu anaweza kukosa hewa akiwa usingizini. Anayetoa zawadi hiyo aseme hivyo anapoikabidhi.

Pumba za mpunga zinaleta kazi nyingine kabisa, na pengine hii ndiyo inayoweza kubadilisha jiko la Chimala kuliko zote. Mpunga unapokobolewa, takriban moja ya tano ya uzito wake ni maganda. Gunia la kilo 100 linatoa kilo 20 hivi za pumba ngumu. Sehemu yake huchomea matofali, nyingine hurundikana nyuma ya mashine na kuchomwa tu. Ganda la mpunga lina madini mengi ya silika, yale yanayopatikana pia kwenye mchanga na kioo, ndiyo maana haliozi upesi. Kati ya ganda na ganda hubaki hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto kutoroka. Mtu akijaza pumba kwenye mto wa kitambaa, ametengeneza kizuizi cha joto kwa gharama ya uzi.

Mto huo ukitiwa kwenye kikapu, kikapu kinapika. Watu wa Kenya wamekitumia chombo hicho kwa miaka mingi, na Afrika Kusini Sarah Collins alianzisha mwaka 2008 mfuko wa kitambaa uliojazwa vipande vya sponji, uitwao Wonderbag, ambao umesambazwa nchi nyingi. Kanuni yake ni moja. Chakula huchemshwa jikoni mpaka kipate joto kamili, sufuria yenye mfuniko inafungiwa ndani ya kikapu kilichozungushiwa mito, na joto lililomo linamalizia kazi. Moto haupo tena, hakuna anayekaa kugeuza, wala chakula hakiungui.

Kwa wali, mchele uliooshwa huchemshwa dakika tano hivi baada ya maji kuanza kutokota, kisha sufuria huingizwa kikapuni kwa muda wa dakika 40 mpaka saa moja. Maji yapunguzwe kidogo kuliko kawaida, kwa sababu hayapotei kwa mvuke. Maharage yanadai uangalifu zaidi. Yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu nusu saa kabla ya kufungiwa kikapuni kwa saa kadhaa. Hasa maharage mekundu lazima yatokote kwa dakika kumi au zaidi, maana yakiwa mabichi yana sumu ambayo joto la wastani haliiondoi. Yakitoka kikapuni yachemshwe tena kidogo kabla ya kuliwa. Na kikapu kisigeuzwe kabati la kiporo: chakula kilichopoa humo mpaka asubuhi kinaweza kuwa na vijidudu vinavyovuruga tumbo.

Utengenezaji wake uko ndani ya uwezo wa fundi yeyote. Kikapu kipana chenye kina kinapimwa kwa sufuria ambayo nyumba inaitumia kila siku. Mito mitatu inashonwa: wa duara wa chini, mrefu wa kuzunguka ubavuni, na wa juu ambao ni mnene kuliko yote kwa sababu joto hupanda. Unene wa inchi 3 hadi 4 unatosha. Kila mto una mfuko wa ndani wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kama vile shuka la zamani, ili vumbi lisitoke, na foronya ya nje inayovulika kwa kufuliwa. Foronya hiyo ndiyo mahali pa viraka. Pumba zipepetwe kwanza, kwa sababu mashine nyingi huchanganya maganda na zile pumba laini za kulishia mifugo, ambazo zina mafuta, hunuka baada ya muda na kuvutia wadudu. Zikaushwe juani siku mbili tatu, kisha zijazwe bila kushindiliwa. Zikishindiliwa, hewa inatoka, na pamoja nayo joto.

Serikali ilizindua Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mazungumzo mengi yamehusu mitungi ya gesi na majiko ya umeme, na ni sawa. Lakini mtungi wa gesi huisha mapema zaidi katika nyumba inayochemsha maharage juu ya moto tangu mwanzo hadi mwisho. Kikapu cha pumba hakishindani na gesi. Kinaifanya idumu. Kwa kijana anayeanza maisha, au kwa bibi harusi siku ya sendofu, zawadi ya kikapu hicho chenye foronya ya viraka itatumika kila siku ya juma, tofauti na seti ya kumi ya glasi.

Vitu vidogo vina soko lake pia. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, kila anayekwenda sokoni anahitaji mfuko. Pengo hilo lilizibwa haraka na mifuko myepesi isiyofumwa, inayochanika mpini baada ya safari chache. Fundi anayeweza kushona mfuko wa viraka wenye bitana, mpini ulioshonewa msalaba mahali unapobeba uzito, anauza kitu cha miaka. Mwaka uliofuata, korona ilipoingia, mafundi wa mitaa walionyesha wanaweza kufuata kigezo kimoja na kutoa maelfu ya barakoa za vitenge kwa siku chache. Uwezo wa kushona vitu vidogo, vingi, vinavyofanana, ulionekana wakati ule. Ulirudi kusinzia hatari ilipopita.

Bei ndiyo inayowashinda wengi. Mshonaji hujumlisha uzi na kitambaa, na kwa kuwa kitambaa ni mabaki, anaona hana gharama. Saa zake hazihesabu. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837, alishona blanketi lenye picha za visa vya Biblia, likaonyeshwa kwenye maonyesho ya pamba ya mwaka 1886. Msanii mmoja aliliona na kutaka kulinunua, Powers akakataa. Miaka michache baadaye maisha yakambana, akalitoa kwa dola 10, akalipwa 5. Leo blanketi hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Hakuna anayetegemea kila mto wa Chimala uingie makumbusho, lakini muda wa mshonaji ni malighafi kama kitambaa, na wale wa Neema na Sasik wameweza kuendelea kwa sababu wanauhesabu.

Katika jimbo la Alabama, wanawake weusi wa ukanda wa Gee's Bend na vijiji vya jirani waliunda ushirika wa ushonaji mwaka 1966, wakati wa harakati za haki za kupiga kura. Mwaka 1972 ushirika huo ulipata kazi ya kushonea kampuni ya Sears foronya za mito za kitambaa kizito chenye mistari. Mabaki ya foronya hizo yaligawanywa nyumbani, yakashonwa kuwa mablanketi ya familia. Kazi za wanawake wa Gee's Bend, nyingine zikiwa za mabaki hayo, zilianza kuonyeshwa mwaka 2002 katika makumbusho makubwa ya sanaa, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikachapa stempu zenye picha za mablanketi yao. Zabuni ilileta fedha ya kila wiki. Mabaki yalileta kazi ambayo dunia iliitambua. Kikundi chenye busara hufanya yote mawili.

Mbarali haikosi pa kuanzia. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, vinafundisha ushonaji. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, lipo Mbeya na linatoa mafunzo kwa wajasiriamali wadogo. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Hata hivyo kundi linaloanza kwa mkopo kabla ya kushona hata foronya kumi za kujifunzia linajitwika deni kabla ya ustadi. Njia iliyo salama zaidi ni ya nyumbani: zawadi ya arobaini ya mjukuu, mto wa mama mkwe, kikapu cha jirani. Zawadi hupokelewa hata pembe zikipishana kidogo. Mteja hapokei.

Kalenda ya Chimala inasaidia. Mpunga wa Usangu huvunwa kuanzia Mei na kuendelea miezi ya kiangazi. Ndiyo miezi pumba zinapokuwa vilima, fedha zinapokuwa mikononi, harusi zinapopangwa, na baridi ya Makete inapokuwa kali kuliko wakati mwingine wowote. Mafundi nao huwa na kazi nyingi za sare za sherehe, maana yake vipande vingi zaidi chini ya meza. Anayetaka kuwa na mablanketi ya kupandisha Matamba mwezi Juni inampasa aanze kukusanya vipande mapema, Januari au Februari, kwa kumwachia kila fundi wa mtaani gunia tupu na kulipitia kila Jumamosi, akitenga pamba na poliesta, rangi nzito na nyepesi, vipande vinavyotosha mraba wa inchi 6 na nusu na vile vya kujazia mito.